Gitaa Lile la James Bond ni la Nani?

Ndugu wasomaji, leo naomba tuweke siasa pembeni. Najua wapo wanaosubiri sehemu ya pili ya ile habari ya maji, itakuja tu. Lakini Jumamosi iliyopita nilibishana na washkaji zangu mpaka saa nane za usiku, na tangu siku hiyo ubishi wenyewe haujanitoka kichwani. Bora niumwage hapa nipate kulala.

Ulianza kitoto. Tulikuwa wanne, kwa rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya sauti redioni. Anakaa Sinza na ana spika ambazo majirani wameshazipeleka kwa mjumbe mara mbili. Akaweka Casino Royale, ile ya mwaka 2006. Ilipofika mwisho kabisa, pale Daniel Craig anapotaja jina lake na gitaa likaingia, mmoja wetu akaropoka kwamba David Arnold ndiye mtunzi bora wa muziki wa Bond aliyewahi kutokea. Mwenye nyumba akamtazama kama mtu aliyemtukania mkwewe.

"Mwanangu, Arnold katunga nini hapo? Hilo gitaa ni la John Barry, la mwaka 1962, baba yako hajazaliwa."

Mimi nikaunga mkono bila kufikiri. Kwa miaka yote nimekuwa upande wa Barry, kama mtu anavyozaliwa Yanga. Ndipo wa nne wetu, ambaye ni wakili na kawaida yake husinzia kabla sinema haijafika katikati, akafumbua jicho moja akasema, "Acheni majina yapande, mtasoma wenyewe." Tukaacha yapande. Muziki wa utambulisho wa James Bond, mtunzi: Monty Norman. Kwenye mstari huo Barry hayumo. Hayumo kwenye mstari huo katika filamu yoyote.

Wakili akarudi kulala. Sisi watatu tukabaki na kazi.

Niseme kwanza jinsi nilivyokutana na muziki huu, maana si wote mliolelewa kwenye vibanda vya video. Mimi nililelewa huko. Kwetu kulikuwa na kibanda cha mabati na mabenchi ya mbao, na mtafsiri ambaye aliwasemea wazungu wote kwa Kiswahili chake mwenyewe, wanaume kwa wanawake, na akiwachoka aliwaongezea maneno ambayo kwenye sinema hayakuwapo. Huwezi kusikia Bond alisema nini, unasikia mtafsiri. Lakini kulikuwa na sehemu moja alikuwa ananyamaza. Yale madoadoa meupe yakianza kutembea kwenye skrini nyeusi, na yule mtu akageuka na kupiga risasi, mtafsiri alizima kipaza sauti kabisa. Muziki haukuhitaji kutafsiriwa. Kwa hiyo kabla sijajua Bond ni jasusi wa Uingereza au ni polisi wa wapi, nilikuwa nalijua lile gitaa.

Sasa twende kwenye historia, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Mwaka 1962 watayarishaji wawili, Albert Broccoli na Harry Saltzman, walikuwa wanatengeneza Dr. No kwa bajeti isiyo ya kutisha. Muziki wakampa Monty Norman, mtoto wa mashariki ya London, mwimbaji aliyegeuka mtunzi wa michezo ya jukwaani yenye nyimbo. Wakamchukua mpaka Jamaica ambako sehemu ya filamu ilipigwa. Huko akafanya kazi nzuri tu, zile nyimbo za visiwani mnazozisikia ndani ya Dr. No ni zake. Lakini jasusi hana wimbo. Norman akakumbuka kitu alichokuwa amekifungia kabatini.

Kitu chenyewe ni wimbo unaoitwa Bad Sign, Good Sign. Aliutunga kwa ajili ya mchezo wa jukwaani uliokuwa utokane na riwaya ya V. S. Naipaul, A House for Mr Biswas, iliyochapwa mwaka 1961. Mchezo haukufika jukwaani. Riwaya yenyewe inahusu Wahindi wa Trinidad, na Bwana Biswas amezaliwa na nuksi: vidole sita na chafya mbaya. Wimbo nao unahusu nuksi hiyo ya chafya, na melodi yake ina ladha ya Kihindi. (Naipaul huyu ni yuleyule aliyekaa Makerere mwaka 1966 na baadaye akaandika mambo ya Afrika ambayo wengi wetu hatujamsamehe.) Kwa maelezo ya Norman mwenyewe, alichofanya ni kuichukua melodi ile, akazikata noti zake vipande vipande, na ule uvivu wa Kihindi ukageuka kuwa kitu cha kunyata.

Yaani lile gitaa la mwanamume mwenye suti, bastola na kinywaji mkononi, mizizi yake ni malalamiko ya maskini mmoja wa Trinidad kuhusu chafya. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Lakini watayarishaji hawakuridhika na jinsi muziki ule ulivyopangwa. Siku zimekwisha, filamu iko tayari. Hapo ndipo akaitwa John Barry. Alikuwa hajafika miaka 29, kijana wa York, baba yake alikuwa na majumba ya sinema, na yeye utotoni alikuwa akikaa humo akisikiliza. Akiwa jeshini alisoma upangaji wa muziki kwa masomo ya posta kutoka kwa Bill Russo, mtu aliyepangia bendi ya Stan Kenton, na ukitaka kujua matarumbeta ya Bond yametoka wapi, msikilize Kenton. Wakati huo Barry alikuwa na bendi yake, John Barry Seven, na mpiga gitaa wake aliitwa Vic Flick.

Barry akapewa melodi ya Norman na siku chache. Kwa maelezo yake alikuwa hata hajaiona filamu. Juni mwaka ule wakaingia studio London na kurekodi. Malipo yake yanatajwa kuwa pauni 250, na makubaliano yakiwa kwamba jina la mtunzi litabaki la Norman, kwa kuwa mkataba ulikuwa wa Norman. Flick yeye alilipwa ujira wa siku kama mpiga ala yeyote, akaenda nyumbani na gitaa lake. Amefariki mwaka 2024, na magazeti ya dunia yote yaliandika kwamba amefariki mtu ambaye kila mmoja alikuwa amemsikia na karibu hakuna aliyemjua.

Sikilizeni kile kitu vizuri, kina tabaka. Chini kabisa kuna noti chache zinazopanda hatua ndogo kisha zikashuka, zinarudia tu, kama mtu anayenyata akiwa ameegemea ukuta. Juu yake linakuja gitaa, kavu, limepigwa kwa nguvu. Halafu ghafla milango inafunguliwa na matarumbeta yanaingia kwa jazi ya ukumbini, yanatamba, yanajisifu. Na mwisho gitaa linapiga mkusanyiko wa noti usiotulia, unaokuacha na swali. Dakika mbili hivi na mtu umeshamfahamu: anajificha, ni hatari, anajipenda, humwamini.

Melodi ya gitaa, tukubaliane, ina damu ya Norman. Hata mwenye nyumba wa Sinza anakubali kwa shingo upande. Lakini je, matarumbeta? Je, ule mnyato? Mashabiki wa Barry huenda kwenye filamu ya Beat Girl ya mwaka 1960, ambayo muziki wake ni wa Barry, na kukuonyesha gitaa la namna ileile likitembea namna ileile, miaka miwili kabla Bond hajazaliwa kwenye skrini. Wanasema Norman alileta mfupa, nyama na ngozi na uhai ni wa Barry. Mashabiki wa Norman, ambao ni wachache lakini ni wabishi kweli, wanajibu kwamba nyumba ni ya mwenye kiwanja, fundi hulipwa akaenda zake.

Mambo haya yakafika mahakamani. Mwaka 1997 gazeti la Sunday Times la London liliandika kwamba mtunzi wa kweli ni Barry. Norman akashtaki kwa kashfa. Machi 2001 kesi ikasikilizwa na Mahakama Kuu ya London mbele ya jopo la raia wa kawaida. Muziki ukapigwa humo ndani, wataalamu wakauchambua noti kwa noti, Barry mwenyewe akapanda kizimbani kama shahidi wa gazeti na kusema kazi ni yake. Jopo likamwamini Norman. Akapewa fidia ya pauni 30,000, na mirabaha ikaendelea kwenda kwake kama ilivyokuwa tangu zamani. Mwaka huohuo, miezi michache baadaye, Naipaul akapata Nobeli. Bwana Biswas na chafya yake walikuwa na mwaka mzuri.

Sisi huku hatuna la kuwacheka. Malaika ni ya nani? Fadhili William aliirekodi, Adam Salim akasema ni yake, na Fadhili alifariki Februari 2001, mwezi mmoja kabla ya kesi ile ya London, ubishi ukiwa bado haujaisha. Tofauti ni kwamba kwetu hakuna jopo lililokaa likazisikiliza noti.

Haya, kisheria limekwisha. Lakini ukiwaweka watunzi wa Bond mezani na kuwapima mmoja mmoja, ndipo unaona kwa nini masikio hayakuridhika na hukumu. Filamu rasmi ziko 25, kuanzia Dr. No mpaka No Time to Die ya mwaka 2021. Watunzi ni 10. Barry peke yake ana 11, na Norman ana moja tu, ile ya kwanza.

Alichokifanya Barry baada ya pale ndicho kinachowatesa wengine wote. Kuanzia Goldfinger ya 1964 alishika vitu viwili kwa mkono mmoja: wimbo wa mwanzo na muziki wa ndani. Shirley Bassey anaimba mwanzoni, halafu melodi ileile inakufuata filamu nzima. Inakuwa mapigano, inakuwa mapenzi, inakuwa mtu anafungua mlango tu, na hujui kwamba unaimbiwa wimbo uleule mara ya kumi. Albamu ya Goldfinger ilishika namba 1 Marekani mwaka 1965, enzi za Beatles, hebu fikiria. Barry alitunga hata muziki wa pili wa Bond, ulioitwa 007, ukaanza kusikika kwenye From Russia with Love ya 1963. Mimi naamini, na hili ni langu binafsi, kwamba alikuwa anajaribu kujijengea nyumba kwenye kiwanja chake mwenyewe. Haukushika. Watu walitaka lile gitaa.

Kwangu kilele ni On Her Majesty's Secret Service ya 1969. Bond ni George Lazenby, hana jina, Sean Connery ameondoka. Barry akaona filamu haina nyota, basi muziki uwe nyota. Akaleta kinanda cha umeme cha Moog kikinguruma chini ya matarumbeta, na hakuweka mwimbaji mwanzoni. Kisha katikati akampa Louis Armstrong wimbo wa mapenzi, We Have All the Time in the World. Armstrong alikuwa mgonjwa, hakuwa na nguvu ya kupuliza tarumbeta yake, akaimba tu. Alifariki mwaka 1971. Unaposikia sauti ile mbovu iliyojaa upendo, na unajua mwisho wa filamu mke wa Bond anauawa siku ya harusi, basi kaka, hakuna jopo litakalokuambia muziki wa Bond ni wa mtu mwingine.

Wageni waliokuja Barry alipokuwa mbali, nitawapitia haraka, na watakaokasirika wakasirike. George Martin, mtayarishaji wa Beatles, alifanya Live and Let Die ya 1973 vizuri sana, akamleta Paul McCartney, na lile gitaa akalitia ufanki kidogo. Marvin Hamlisch kwenye The Spy Who Loved Me ya 1977 akalipeleka disko. Bill Conti, yule wa Rocky, mwaka 1981 akaleta matarumbeta ya mazoezi ya viungo. Michael Kamen mwaka 1989 alitengeneza muziki wa mapigano ambao ungeweza kuwekwa kwenye Die Hard, ambayo nayo ni yake.

Éric Serra wa Ufaransa, GoldenEye ya 1995, huyo lazima nisimame. Huyu alitaka kuanza upya. Alileta milio ya vyuma, midundo baridi, na gitaa karibu alizike kabisa. Kwenye ile mbio ya kifaru mitaani St. Petersburg watayarishaji waliukataa muziki wake, wakamwita John Altman atengeneze mwingine wenye muziki wa utambulisho waziwazi. Mashabiki wengi mpaka leo wanamsema vibaya Serra. Yule rafiki yetu wa Arnold anamtetea, anasema angalau alithubutu. Mimi nasema hivi: tazama ile sehemu ya kifaru na sauti, kisha itazame bila sauti, halafu niambie kifaru kinaendeshwa na nani.

Na kama hutaki ushahidi huo, uko mwingine mkubwa zaidi. Mwaka 1983 zilitoka Bond mbili. Moja rasmi, Octopussy, na Roger Moore na Barry. Nyingine, Never Say Never Again, ilitengenezwa na watu wengine waliokuwa na haki za kisa cha Thunderball kutokana na ugomvi wa zamani wa kisheria. Hao walikuwa na Sean Connery mwenyewe! Bond wa kwanza, amerudi. Mtunzi wao alikuwa Michel Legrand, si mtu mdogo hata kidogo. Ila hawakuruhusiwa kutumia lile gitaa. Nimeitazama mara tatu, na kila mara naona mzee Connery anazunguka humo ndani kama mtu aliyesahau funguo. Sura ipo, sauti ipo, lakini si Bond.

Halafu ndani ya Octopussy kuna kichekesho ambacho wengi hawakigundui maana yake. Bond anafika Udaipur, India. Mtu wake wa kukutana naye amejifanya mcheza na nyoka sokoni, na ili Bond amtambue, anapuliza filimbi: muziki wa James Bond wenyewe. Watu walicheka kwenye majumba ya sinema. Sasa rudi kwa Norman na wimbo wake wa kabatini. Melodi iliyozaliwa na ladha ya Kihindi, ikavikwa suti London, imerudishwa kwa Wahindi kama mzaha, na anayeongoza muziki wa filamu hiyo ni Barry.

David Arnold ndiye aliyefanikiwa kuliko wote kukaa kwenye kiti cha Barry, na hapo yule mwenzetu ana haki yake. Alianza kama shabiki, mwaka 1997 akatoa albamu ya nyimbo za Bond zilizoimbwa upya, Barry akaisikia akaipenda, akampendekeza. Akafanya filamu tano. Casino Royale ndiyo bora yake kwa sababu moja ya akili sana: Bond huyu ni mpya, bado hajawa Bond, kwa hiyo Arnold anakunyima gitaa. Anakupa vipande, noti mbili tatu chini huko, na badala yake anatumia melodi ya wimbo wa Chris Cornell. Saa mbili na zaidi unasubiri. Linapokuja, mwisho kabisa, kibandani wangesimama kwenye mabenchi. (Ile Mbale ya mwanzoni, ndugu zangu wa Uganda, poleni, ilipigwa Uingereza.)

Thomas Newman wa Skyfall na Spectre ndiye anayegombanisha watu siku hizi. Muziki wake ni wa ukungu, unatengeneza hali, haukupi kitu cha kupigia mluzi ukitoka. Kwenye Spectre alirudia vipande vya Skyfall bila aibu. Lakini Skyfall ilimpa uteuzi wa Oscar, na hapa kuna jambo la kuumiza. Katika filamu zote 25, ni mbili tu ambazo muziki wake wa ndani uliwahi kuteuliwa: ya Hamlisch na ya Newman. Barry, filamu 11, hata mara moja.

Oscar anazo, tano. Mnajua mbili za kwanza alizipatia wapi? Born Free ya mwaka 1966, simba Elsa, imepigwa Kenya. Na ya nne ni Out of Africa ya 1985, imepigwa Kenya tena, vilima vya Ngong vikionekana. Mtu aliyeisuka sauti ya Bond amepata sifa zake rasmi kwa vayolini za Kizungu zinazoelea juu ya ardhi yetu kama zinaitazama kutoka kwenye ndege. Ni muziki mzuri, siwezi kudanganya, ndege ya Denys Finch Hatton ikipaa na mimi napaa. Ila najiuliza sisi tuliokuwa chini tulisikika vipi, na jibu ni kwamba hatukusikika sana.

Hans Zimmer alipopewa No Time to Die, alijua la kufanya. Akarudi 1969. Melodi ya Armstrong inapita kwenye filamu ile kama harufu ya mtu aliyeondoka, na mwishoni Armstrong mwenyewe anaimba. Miaka 52, watunzi wanane baadaye, na Bond anazikwa kwa wimbo wa Barry.

Sasa, kwa nini nakosa usingizi kwa jambo la wazungu?

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika habari ya soko lililoungua. Nikaileta ndefu, inaanza na tarehe, jina la kiongozi aliyefika na alichosema kiongozi aliyefika. Mhariri msanifu, mzee mmoja wa chumba cha habari aliyekuwa anaandika kwa kalamu nyekundu mpaka kompyuta ilipomshinda, akashuka mpaka aya ya kumi na moja, akamkuta mama mmoja aliyekuwa akihesabu sarafu zilizoungua. Akampandisha juu. Nusu ya habari akaitupa. Kesho yake ukurasa wa mbele, jina langu. Nikapongezwa na watu nisiowajua. Mwalimu wangu wa chuo alinipigia simu kunisifu jinsi nilivyomwanzia yule mama.

Mama nilimwona mimi. Sarafu niliziona mimi, maneno yote ni yangu, hakuongeza hata moja. Mbele ya jopo lolote ningeshinda kesi. Na sikumwambia mwalimu. Nilisema asante, mwalimu.

Mzee yule amestaafu mwezi uliopita. Tulikata keki, watu wakatoa hotuba, mimi nilikaa karibu na mlango. Kwa hiyo Jumamosi ile nilipokuwa napaza sauti kwamba Norman anakula jasho la mwenzake, katikati ya sentensi nikaishiwa maneno, wenzangu wakadhani nimelewa.

Nyote mnajua Norman alifariki mwaka 2022 na Barry mwaka 2011, hawana tena cha kugombea. Lakini mwaka 2005 Norman alitoa albamu na humo akaiweka ile Bad Sign, Good Sign, ili watu wasikilize wenyewe. Jumapili nilimwekea mdogo wangu wa kike, ambaye hajawahi kumaliza sinema hata moja ya Bond, sikumwambia ni nini. Hakuchelewa. "Si ule wa yule mtu wa bastola?" Nikasema ehe. Akasikiliza kidogo, akakunja uso. "Mbona hawajauunga?"

Nilimpigia simu jamaa wa Sinza kumpa matokeo. Akasema hiyo ni pointi kwa Barry. Wakili, aliyekuwa pembeni yake, akasema msichana ameutambua wimbo wa Norman bila matarumbeta hata moja, kwa hiyo ni pointi kwa Norman. Jumamosi tunarudi. Mada ni Hamlisch na disko, na nimeambiwa nilete soda.